Aplikesheni ya kusomea ya shilingi 60,000: ilipie baada ya mwezi, si kabla

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tujibu swali ambalo wazazi na wanafunzi huuliza kila likizo inapokaribia: je, aplikesheni ya kusomea inayouzwa makumi ya maelfu ya shilingi inafaa kununuliwa? Sisi ni walimu wa Biolojia na Kemia wa sekondari, na mmoja wetu anafundisha chuo cha afya. Jibu letu ni kwamba wengi wanaouliza hawahitaji kulipa hata shilingi moja, wachache wanapaswa kulipa bila kusita, na kinachoyatenga makundi haya mawili hujulikana kwa majaribio ya siku 30, wala si kwa sifa zilizoandikwa dukani.

Tuichukue Anki, kwa sababu ndiyo inayoleta ubishi mwingi juu ya bei, hasa kwa wanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasia. Anki ni programu ya kadi za maswali. Upande mmoja wa kadi kuna swali, upande wa pili jibu. Unajijibu moyoni, unafunua, kisha unaiarifu programu kama ulikumbuka au la. Kadi uliyoikumbuka itarudi baada ya siku kadhaa, halafu wiki, halafu miezi. Uliyoisahau itarudi leo hii hii. Kwenye kompyuta ya Windows, Mac au Linux ni bure. Kwenye simu za Android ni bure pia, kwa jina la AnkiDroid, na hutengenezwa na watu wanaojitolea. Kwenye iPhone na iPad inaitwa AnkiMobile Flashcards, nayo inauzwa dola 24.99, yaani zaidi ya shilingi 60,000 kabla ya makato ya benki. Malipo hayo ni ya mara moja, hakuna ada ya mwezi wala ya mwaka.

Mwenye iPhone hushangaa kwa nini mwenzake mwenye Android apewe bure. AnkiMobile imetoka kwa waliotengeneza Anki ya kompyuta, na mauzo yake ndiyo yaliyobeba gharama za kuiendeleza Anki ya kompyuta na huduma ya AnkiWeb, inayohifadhi kadi za watu bila malipo. AnkiDroid ni kazi ya kundi jingine. Bei, basi, haimaanishi kwamba ya iPhone inafundisha vizuri zaidi. Kadi ni zilezile na ratiba ya marudio ni ileile.

Hapo mwenye Android ameshapata jibu: apakue AnkiDroid, na asilipie chochote. Awe mwangalifu na majina tu, kwa maana ukitafuta neno Anki dukani utaletewa programu nyingi zinazofanana nalo ambazo hazina uhusiano na Anki yenyewe, na baadhi hudai malipo ya kila wiki au kila mwezi. Dola 5 kwa wiki huonekana pesa ndogo, lakini mwaka una wiki 52, na hesabu hiyo inafika dola 260. Ukiona programu ya kadi inayodai malipo ya wiki, hiyo siyo tunayoizungumzia hapa.

Mwenye iPhone naye ana njia ya kujaribu bure, na ni wachache wanaoijua. Afungue akaunti ya AnkiWeb kwa barua pepe yake, atengeneze kadi kwenye kompyuta, hata ya kuazima au ya maktaba ya chuo, abonyeze kitufe cha Sync (kinachosawazisha kadi zake na AnkiWeb), kisha afungue AnkiWeb kwenye Safari, kivinjari cha simu yake, na kujibu kadi humo. Atakosa mambo fulani. Bila mtandao hakuna kitu, mipangilio ni michache, na kuandika kadi zenye picha ni kazi ngumu. Hata hivyo kujibu kadi za kila siku kunawezekana kabisa, na hilo ndilo jambo la kupima. Mtu akishindwa kufungua AnkiWeb kwa siku nyingi kati ya hizo 30, AnkiMobile haitamfungua macho kwa sababu tu ameilipia.

Kipimo tunachopendekeza ni hiki. Hesabu siku ulizomaliza kadi zote za siku. Zikiwa 25 au zaidi kati ya 30, na una angalau mwaka mmoja wa masomo mbele yako, lipa. Zikiwa chini ya 20, usilipe. Tatizo lako halitibiwi na programu. Aliye katikati aongeze mwezi mwingine wa bure. Stashahada ya utabibu ni miaka 3, na 60,000 ukiigawa kwa miezi 36 ni kama shilingi 1,700 kwa mwezi, chini ya bando la siku chache. Mtahiniwa aliyebakiza miezi 2 kabla ya mtihani wake wa mwisho atalipa zaidi ya 30,000 kwa kila mwezi kwa kitu ambacho hakijapata muda wa kumfaa. Huyo anunue kalamu na karatasi, aende kwenye mitihani iliyopita.

Muda ndio kiini cha mbinu hii, na ndiyo sababu tunausisitiza. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu kisha likakisoma tena. Jingine lilisoma mara moja, likafunika karatasi na kuandika yote liliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka takriban asilimia 56, waliosoma tena asilimia 42. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu 10 za kusomea, na mbili tu zikapewa daraja la juu: kujipima, na kutawanya marudio kwa siku nyingi. Kupigia mistari na kusoma tena viliwekwa daraja la chini.

Matokeo hayo ndiyo rula ya kupimia aplikesheni yoyote, ya bure au ya fedha. Je, inakulazimisha kutoa jibu kichwani kabla ya kukuonyesha? Je, inalirudisha swali baada ya siku kadhaa bila wewe kukumbushwa na mtu? Video nzuri zenye michoro inayocheza zinaeleza somo, na kueleza kuna thamani yake, lakini anayetazama video anafanya kazi ileile ya anayesoma tena. Anajisikia ameelewa kwa sababu jibu liko mbele ya macho yake. Maswali ya kuchagua A, B, C au D yana nafuu, ila bado jibu limeandikwa hapo na mwanafunzi analitambua tu. Mtihani wa kidato cha nne una sehemu kubwa ya maswali ambayo hayakupi la kuchagua.

Tukirudi kwenye mwezi wa majaribio, wengi huuharibu siku ya kwanza kwa kupakua fungu kubwa la kadi lililotengenezwa na watu wengine. Mafungu maarufu ya wanafunzi wa udaktari wa Marekani yana makumi ya maelfu ya kadi, na yameandaliwa kwa mitihani yao. Paracetamol humo inaitwa acetaminophen. Sukari ya damu inapimwa kwa mg/dL, wakati hapa vipimo vyetu husoma mmol/L, kwa hiyo mwanafunzi anakariri 126 mahali ambapo mgonjwa wake ataandikiwa 7.0. Dawa za mstari wa kwanza, yaani zinazoanza kutolewa kwa mgonjwa, zinaweza kutofautiana na mwongozo wa matibabu wa taifa. Anayekariri vitu hivyo analipa gharama mara mbili, ya kukariri na ya kuja kufuta.

Tengeneza kadi zako mwenyewe, kutoka kwenye madaftari na vitabu vyako, baada ya kuielewa mada. Kadi moja ibebe jambo moja. Swali kama "Eleza muundo na kazi ya moyo" ni swali la insha, na kwenye kadi linaua, kwa sababu utakumbuka sehemu nne kati ya saba na hutajua ubonyeze nini. Livunje: Vali iliyo kati ya chemba mbili za kulia ina vipande vingapi? Vitatu. Mshipa upi unapeleka damu kwenye mapafu? Kwa nini ukuta wa chemba ya chini kushoto ni mnene kuliko wa kulia? Kadi ya namna hiyo hujibiwa kwa sekunde 5 hadi 10. Ikihitaji zaidi ya sekunde 20, ivunje tena. Kwa michoro ya anatomia au ua la mmea, piga picha mchoro wako wa daftarini na utumie kile kipengele cha kufunika majina, ili kila jina liwe kadi yake. Na andika kwa lugha utakayojibia. Mtahiniwa wa Biology anayejizoeza kwa Kiswahili pekee atajua jambo na bado atakwama kwenye tahajia ya Kiingereza. Aweke maelezo ya Kiswahili nyuma ya kadi, jibu lenyewe liwe Kiingereza.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu huzama. Anki ikishasakinishwa imewekwa kutoa kadi mpya 20 kwa siku. Kadi 20 ni kidogo siku ya kwanza. Lakini kila kadi mpya inazaa marudio, na kwa uzoefu wa watumiaji wengi, baada ya wiki chache marudio ya siku hufika mara 7 hadi 10 ya kadi mpya. Hiyo ina maana ya kadi 140 hadi 200 kila siku, karibu nusu saa kwa mwenye kasi, na karibu saa nzima kwa anayeanza. Punguza kadi mpya ziwe 8 au 10. Kwa kadi 10 kwa siku utabeba marudio 70 hadi 100, dakika 15 hivi, na katika siku 120 utakuwa umeingiza kadi 1,200. Acha mwezi wa mwisho bila kadi mpya. Mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne anayefanya mtihani Novemba anapaswa kuanza mwanzoni mwa Juni, na wa kidato cha sita anayefanya Mei aanze mwanzoni mwa Desemba. Anayeanza wiki tatu kabla ya mtihani ratiba itampangia marudio ya kadi zake baada ya mtihani kupita.

Katika mipangilio, washa FSRS, ambayo ni njia mpya ya kukokotoa ratiba iliyoingizwa ndani ya Anki mwaka 2023, na uache kiwango cha kukumbuka kwenye asilimia 90 kama kilivyo. Kukipandisha hadi 97 kunavutia macho, ila marudio huongezeka kwa wingi kwa faida ndogo. Mipangilio mingine iache kama ilivyo kwa mwezi wote wa kwanza. Mwanafunzi anayetumia jioni tatu kurekebisha mipangilio na kubadilisha rangi hajasoma jioni tatu.

Kosa linaloharibu ratiba kimyakimya ni la vitufe. Chini ya jibu kuna vinne: "Again", "Hard", "Good" na "Easy". Ukiwa umesahau, bonyeza "Again", hata kama jibu lilikuwa ncha ya ulimi. Wengi huona aibu na kubonyeza "Hard". Kwa programu, "Hard" maana yake ulikumbuka kwa shida. Basi kadi uliyoisahau inasogezwa mbele kana kwamba unaijua, na baada ya mwezi utajikuta una kadi mia mbili usizozijua na takwimu zinazokusifu. Kwa anayeanza, vitufe viwili vinatosha: "Again" kwa uliyoisahau na "Good" kwa uliyoikumbuka.

Kadi ikikosewa mara 8 Anki huipa alama na kuiita ruba, kwa sababu inanyonya muda. Usipambane nayo. Karibu kila mara ama imebeba mambo mawili, ama inafanana na kadi nyingine, ama hukuielewa mada tangu mwanzo. Iandike upya au ifute.

Msiba, safari, au homa ya siku tano huleta mrundikano. Unafungua simu na kukuta kadi 600. Hapo wengi huiaga programu moja kwa moja, na kama waliilipia, pesa imekwenda. Weka kadi mpya kuwa 0, weka kikomo cha marudio kuwa 120 kwa siku, na uendelee kwa utulivu hadi mrundikano uishe. Huenda ikachukua wiki mbili. Kadi zinazosubiri hazipotei.

Zinazopotea ni za aliyeibiwa simu kabla ya kubonyeza Sync. Bonyeza kila siku ukimaliza. Na ukiletewa ujumbe unaotaka uchague kati ya kupakia kwenda AnkiWeb au kupakua kutoka AnkiWeb, simama. Upande mmoja utafuta mwingine wote. Jiulize kadi zako za karibuni ziko wapi. Kama ziko kwenye simu, pakia. Kama ziko kwenye kompyuta na tayari umezipeleka AnkiWeb, pakua. Anayebonyeza kwa haraka hufuta kazi ya miezi. Mara moja kwa mwezi hamisha nakala ya faili lote uliweke kwenye flashi au ujitumie kwa barua pepe. Kuhusu bando, maandishi matupu ni mepesi mno. Picha na sauti ndizo zinazokula. Punguza picha kabla ya kuziweka, na usawazishe zile nzito ukiwa kwenye Wi-Fi. AnkiDroid na AnkiMobile zenyewe hufanya kazi bila mtandao.

Yapo masomo ambayo kadi hazifai, na tungependa wazazi wa watoto wanaofeli Hisabati wasome hapa kwa makini. Hisabati, hesabu za Fizikia na mole za Kemia hujifunzwa kwa kutatua swali zima kwa mkono, kukosea, na kurudia. Kadi inaweza kushika kanuni, kwa mfano uhusiano wa n (idadi ya mole), m (masi) na M (masi ya mole moja), basi. Mzazi mwenye 60,000 na mtoto aliyekwama Hisabati atumie pesa hiyo kwa rimu ya karatasi, kuchapisha mitihani iliyopita, na saa kadhaa za mwalimu wa kumsahihishia.

Tuna neno pia kwa wazazi wenye watoto wa bweni, maana nyinyi ndio mnaouziwa zaidi aplikesheni za kulipia kwa mwaka. Shule nyingi za bweni haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Mtoto yuko nyumbani likizo ya Juni, likizo ya Desemba na siku chache katikati ya mihula. Ukilipia miezi 12, ataitumia labda miezi mitatu, na mbaya zaidi, marudio yaliyotawanywa hukatika anaporudi shuleni, ambako ndiko yangemsaidia. Kwa mtoto huyo kipo kifaa cha bei ndogo kinachoruhusiwa bwenini: sanduku la kadi la Leitner, lililopewa jina la Sebastian Leitner, mwandishi wa lugha ya Kijerumani aliyelieleza miaka ya 1970.

Chukua boksi la viatu na uligawe kwa vipande vya kadibodi upate vyumba vitano. Manila ya ukubwa wa A1 ukiikata vipande vya sentimita 7 kwa 10 hutoa kadi 64. Karatasi ya A4 ikikunjwa mara tatu na kukatwa hutoa 8, ni rahisi zaidi ila ni nyepesi, na wino mzito huonekana upande wa pili na kutoboa siri ya jibu. Tumia kalamu ya kawaida, si maka peni. Kadi zote mpya huanza chumba cha kwanza. Ukiijibu sawa inahamia chumba kinachofuata. Ukiikosa, hata kama ilikuwa chumba cha tano, inarudi cha kwanza. Chumba cha kwanza hupitiwa kila siku, cha pili kila baada ya siku 2, cha tatu siku 4, cha nne siku 8, cha tano siku 16. Andika tarehe ya zamu inayofuata kwa penseli kwenye kila kizuizi, la sivyo mtoto atapoteza hesabu wiki ya pili. Mambo mawili huharibu sanduku: kuingiza kadi nyingi kwa pupa, na kuigeuza kadi kabla ya kujibu. La pili hurekebishwa kwa kumpa mwenzake wa bwenini ashike kadi na kumuuliza kwa sauti. Sanduku la kadi 300 linabebeka, na halihitaji umeme.

Kwa zile aplikesheni zinazouza masomo yaliyokamilika, notsi, video na "mitihani yote ya NECTA", angalieni kwanza mnachouziwa. Mitihani iliyopita hupatikana bure mtandaoni. Kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha kwa kila swali watahiniwa walikosea wapi na kwa nini, zikiwa na vielelezo vya majibu mazuri na mabaya. Hatujui nyenzo ya kulipia inayozishinda taarifa hizo kwa mtahiniwa, na wanafunzi wengi hawajawahi kuzifungua. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Basi mwenye aplikesheni anayeomba pesa aonyeshe anaongeza nini juu ya hayo.

Mpimeni hivi. Chagueni mada moja ambayo mtoto au mwalimu wake anaijua vizuri, mfungue maswali 10 ya mada hiyo na kuyasahihisha kwa kitabu cha kiada. Kosa moja linasameheka. Majibu mawili au matatu yasiyo sahihi kati ya 10 yanatosha kuiacha. Tafuteni pia imeandikwa kwa muhtasari upi. Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika Januari 2024 na inaingia kwa awamu, darasa kwa darasa, kwa hiyo aplikesheni iliyomfaa kaka inaweza kumpoteza mdogo wake. Zimeni data, muone kama bado inafunguka. Ulizeni kazi ya mtoto inakwenda wapi ada ikiisha: je, anaweza kuihamisha notsi na kadi zake, au zinafungwa ndani? Aplikesheni isiyoruhusu kuhamisha hukufanya uendelee kulipa kwa kuogopa kupoteza.

Mkiamua kulipa, tumieni kadi ya Visa au Mastercard, hata ile ya pepe inayotengenezwa ndani ya akaunti ya pesa za simu, na mweke humo kiasi cha ununuzi huo pekee. Hilo linawalinda na makato ya kujirudia msiyoyategemea. Majaribio ya bure ya siku 7 yanayodai namba ya kadi hugeuka malipo yenyewe siku ya nane. Kwenye App Store, futeni usajili angalau saa 24 kabla muda haujaisha. Kuifuta aplikesheni kwenye simu hakufuti usajili, na wengi wameendelea kukatwa kwa kutojua hilo. Usajili hufutwa ndani ya mipangilio ya akaunti ya duka. Aliyenunua Play Store na kujuta anaweza kuomba kurudishiwa ndani ya saa 48. Kwa Apple ombi hutumwa kwenye ukurasa wao wa kuripoti tatizo, nalo linaweza kukataliwa. Kadi za zawadi za Apple za Marekani hazifanyi kazi kwenye akaunti ya nchi nyingine, kwa hiyo msinunue mtaani kwa ahadi ya muuzaji. Na familia yenye iPhone zaidi ya moja iangalie kama ukurasa wa aplikesheni unaonyesha inaruhusu kushirikiana kifamilia, maana ndugu wawili wanaweza kutumia ununuzi mmoja.

Kwa watengenezaji wa aplikesheni za masomo wa hapa nchini, ambao kazi yao tunaitambua na tungependa istawi, tuna ombi moja. Kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya bei, wekeni muhtasari mlioufuata na mwaka wake, tarehe ya mwisho ya kusahihisha maswali, na mada moja nzima iliyo wazi bila kudai kadi ya benki. Mwalimu yeyote wa somo ataisoma mada hiyo kwa dakika 20 na kumwambia mzazi kama pesa yake iko salama.

Walimu wa sayansi,
Morogoro